Chumvi imefikaje mapajani?

Jioni, kwenye vibanda vya supu ya pweza vya Dar es Salaam, wateja karibu wote ni wanaume. Muuzaji anakata mkono wa pweza vipande vidogo, mteja anadunga kimoja kwa kijiti, anakichovya kwenye chumvi na pilipili, kisha anashushia na kikombe cha supu ambayo nayo imekolezwa chumvi tangu sufuriani. Wapo wanaoongeza kikombe cha pili. Wakitoka hapo wanapita kwa muuza chipsi, na huko chumvi hunyunyizwa kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, mkono ukichoka ndipo inakoma. Kama chumvi ndiyo inayochimba mabonde kwenye mapaja ya binadamu, kaka hawa wangekuwa wa kwanza kuogopa kuvaa bukta ufukweni Coco. Hawaogopi, na kweli hawana cha kuogopa. Mapaja yao yamenyooka.

Wanaoambiwa waache chumvi ni dada zao.

Tangazo lenyewe linafika kwenye simu bila kuitwa. Picha mbili za mapaja, moja ina mabonde na nyingine imetulia. Chini yake kuna masharti: siku kumi na nne bila chumvi kabisa, chai ya majani asubuhi na kabla ya kulala, na mafuta ya kuchua ambayo bei yake haitajwi mpaka uingie inboksi. Anayeuza ni dada mwenye heshima zake, anajibu vizuri, na mara nyingi anaamini anachokiuza. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hadithi aliyouziwa yeye kwanza, maana imechukua jambo la kweli kuhusu chumvi ikalibebesha uongo kuhusu mapaja, na katika purukushani hiyo madhara makubwa ya chumvi yamesahaulika.

Tuelewane tunazungumzia nini. Selulaiti ni vile vishimo na vinundu vinavyoonekana kwenye mapaja na makalio ya mwanamke, hasa anapokaa au anapokaza misuli. Si michirizi. Michirizi ni mistari inayobaki pale ngozi ilipotanuka upesi wakati wa kubalehe, ujauzito au kunenepa, nayo ina habari zake. Selulaiti chanzo chake kiko chini zaidi, kwenye tabaka la mafuta lililolala kati ya ngozi na misuli.

Mafuta hayo hayakumwagwa ovyo. Yamegawanywa vichumba vichumba na nyuzi za kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi uimara wake. Kwa mwanamke, nyuzi nyingi za mapajani na makalioni zimesimama wima, zikiifunga ngozi ya juu na utando wa chini unaofunika misuli. Kwa mwanamume zimelala kimshazari na kukatizana, kwa hiyo mafuta yakitaka kupanda juu yanazuiliwa kila upande. Aliyewahi kulalia godoro la sufi anaijua sura ya mwanamke hapa: pale kamba ya fundi ilipopenya pamebonyea, na kati ya kamba na kamba sufi imefura. Ukitaka kulisawazisha godoro la namna hiyo utalipiga jua, utalikung'uta, utalipaka chochote unachokijua, na mabonde yatabaki palepale hadi kamba zikatwe.

Kitu walicho nacho wanawake wanane au tisa kati ya kila kumi baada ya kubalehe, wembamba kwa wanene, ni vigumu kukiita ugonjwa. Uzito ukiongezeka vinundu hufura. Umri ukisogea ngozi hupungua unene na kushindwa kuficha ilichokuwa ikikificha. Homoni ya kike, estrojeni, ina mkono wake, ndiyo maana hali hii huanza baada ya kuvunja ungo. Na kwa kiasi kikubwa mtu huirithi kwa mama yake na bibi yake, kama alivyorithi pua. Chumvi haimo kwenye orodha hiyo.

Basi iliingiaje? Habari ilianzia Ufaransa, ambako madaktari na wenye saluni walikuwa wakizungumzia selulaiti tangu miaka ya 1920. Mwaka 1968 jarida la mitindo la Vogue likaipeleka kwa wasomaji wa Marekani kama kasoro mpya ambayo mwanamke hakujua kuwa anayo. Mwaka 1973 Nicole Ronsard, mwenye saluni mjini New York, akatoa kitabu kilichouzwa sana, akieleza kwamba selulaiti ni mchanganyiko wa mafuta, maji na taka za mwili zilizokwama mahali pamoja. Hapo ndipo maji yalipoingia mapajani, na maji yakiingia chumvi haiko mbali, kwa kuwa kila mtu anajua chumvi huvuta maji. Neno "sumu", ambalo leo limejaa kwenye matangazo ya chai za kusafisha mwili, nalo limo katika ukoo huo wa taka zilizokwama.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, watafiti wawili wa Kijerumani, Nürnberger na Müller, waliichunguza ngozi na mafuta yake kwa hadubini. Hawakukuta taka. Hawakukuta dimbwi la maji. Walichokikuta ni tofauti ya mpangilio wa nyuzi kati ya mwanamke na mwanamume, na katika kichwa cha makala yao waliiita selulaiti ugonjwa wa kubuniwa. Nadharia iliyopingwa kwa hadubini mwaka 1978 ndiyo inayozunguka leo kwenye simu za Mbagala na Kisauni, imevalishwa nguo mpya.

Walioikaribia dawa ni wale waliozilenga nyuzi. Mwezi Julai 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano iitwayo Qwo, yenye kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, kwa ajili ya selulaiti ya makalioni. Ilifanya kazi kwa kiasi. Lakini ilisababisha damu kuvilia chini ya ngozi kupita kiasi, na mwishoni mwa 2022 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikatangaza kuacha, ikitaja ukubwa wa michubuko hiyo na hofu ya madoa ya muda mrefu. Kwa ngozi nyeusi, ambayo jeraha huiachia alama kwa urahisi, hilo si jambo dogo. Ikiwa sindano iliyobuniwa na wataalamu, ikajaribiwa hospitalini na kupewa kibali, imeishia hapo, sijui kwa nini tuiamini zaidi chai.

Singo ya kusugua mwili, lakini, naiheshimu. Bi harusi wa Unguja akisingwa, ngozi inang'aa na inanukia, na hakuna somo yeyote aliyewahi kuahidi kuyafukia mabonde ya mapaja.

Sasa nije kwenye jambo la kweli, kwa sababu lipo, na ndilo linalofanya uongo uuzike.

Chumvi hubadilisha sura ya mtu, na hubadilisha haraka. Ukipata nafasi ya kuitazama chupa ya dripu wodini, ile ya maji ya chumvi, utaona imeandikwa 0.9%. Maana yake gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji, kiasi kilichochaguliwa kwa kuwa ndicho kinachopatana na damu yetu. Chupa ya nusu lita, basi, ina gramu 4.5. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, ikihesabiwa iliyo kwenye ugali na mboga, mkate, supu, karanga na kila kitu kingine. Wastani wa dunia kwa hesabu za shirika hilohilo ni karibu gramu 11. Hiyo ni chumvi ya chupa mbili na zaidi za dripu, kila siku, kwa mdomo.

Kwa sehemu kubwa, mwili hauwezi kukaa na chumvi iliyozidi bila maji ya kuizimua. Unakuletea kiu, figo zinapunguza mkojo, na maji yanabaki mpaka uwiano urudi ulipokuwa. Figo zikiwa nzima, ziada hutolewa ndani ya siku chache. Katika siku hizo mizani inaweza kuongeza kilo moja hivi ambayo si mafuta wala misuli. Ndiyo kilo hiyohiyo inayoondoka wiki ya kwanza mtu akiacha chumvi, na ndiyo inayopigiwa vigelegele kwenye kundi la WhatsApp la kupunguza mwili.

Maji hayo yanaonekana mahali pake. Nenda harusini Jumamosi, kula pilau na achari na mishkaki, lala saa nane usiku. Jumapili asubuhi kope zimejaa, na pete uliyoivaa haitoki bila sabuni. Kope hujaa kwanza kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, na kwa kuwa ulikuwa umelala, maji hayakupata pa kuteremkia. Ukishinda umesimama yanashuka. Kufikia jioni uso umerudi na sasa soksi zimeacha mchoro kwenye vifundo. Kukosa usingizi kuna sehemu yake hapo, pombe pia kwa wanaokunywa, na kwa wanawake wengi zile siku za kuelekea hedhi. Lakini chumvi inastahili lawama yake, na anayepunguza chumvi kwa wiki moja akaona uso umepungua hajidanganyi.

Kuna namna rahisi ya kutofautisha maji na mabonde. Bonyeza kwa dole gumba mbele ya muundi, juu kidogo ya kifundo, hesabu taratibu mpaka kumi, kisha achia. Pakibaki kishimo ambacho hujaa polepole, hayo ni maji, na tena si maji ya karamu moja, ni mengi. Mwenye kishimo hicho aende kituo cha afya. Bonde la selulaiti halingoji kubonyezwa. Lipo kabla ya kidole na lipo baada yake, Ramadhani kwa Shaaban. Paja lililojaa maji kidogo linaweza kuonekana tofauti kwa siku mbili tatu, ila nyuzi zilizoishikilia ngozi hazijasogea hata unywele.

Na zile picha mbili? Zitazame tena. Ya kwanza mara nyingi imepigwa chini ya taa ya dari, mtu amesimama amelegea, na taa inayotoka juu hutia kivuli ndani ya kila kishimo. Ya pili imepigwa mbele ya dirisha, mwanga unakuja uso kwa uso na vivuli vyote vimefutika. Mpiga picha yeyote wa harusi anaijua kazi hii. Unaweza kujifanyia mwenyewe chumbani kwa dakika moja, bila chai.

Upande mwingine wa habari ya chumvi na ngozi unanivutia kuliko huu wote, na sijaona muuzaji hata mmoja anayeutaja. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kuwa chumvi inayoingia hutoka, na inayobaki hubaki na maji yake. Kisha mtafiti wa Kijerumani, Jens Titze, aliyekuwa Erlangen, akaanza kuonyesha kwamba sehemu ya chumvi hujificha ndani ya ngozi bila kuvuta maji ya kulingana nayo, na kwamba chembe za kinga zilizomo ngozini huihisi na kutoa ishara ya kupanua mishipa ya limfu ili ipate njia ya kuondoka. Utafiti huo, uliofanyika kwa wanyama, ulichapishwa mwaka 2009. Kundi lake pia lilipata bahati ambayo watafiti wa chakula huiota tu: wanaume waliofungiwa Moscow kuigiza safari ya kwenda sayari ya Mars, mara ya mwisho kwa siku 520, kati ya 2010 na 2011. Watu ambao hawawezi kutoka kwenda kununua karanga. Chumvi yao ilipimwa mlo kwa mlo na mkojo wao ukakusanywa, na ikaonekana kwamba hata chumvi inayoliwa isipobadilika, mwili huiweka na kuitoa kwa mizunguko yake wenyewe, ya wiki na ya mwezi au zaidi.

Baadaye, kwa mashine maalumu ya kupiga picha za sumaku, kundi hilo likaonyesha kuwa chumvi inayohifadhiwa ndani ya misuli na ngozi huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na kwamba wenye presha sugu huwa nayo zaidi. Kwa macho huioni. Mtu anaweza kuwa na ngozi nyororo ya kutangaza sabuni huku chini yake amejaza ghala.

Na chumvi inaweza kuwa inaidhuru ngozi kwa namna ambayo haina uhusiano wowote na mapaja. Mwaka 2024 watafiti wa San Francisco walichapisha uchambuzi wa takwimu za afya za watu wazima zaidi ya 200,000 wa Uingereza. Kila gramu moja ya ziada ya sodiamu kwa siku, kama ilivyokadiriwa kutokana na mkojo, iliambatana na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 11, wa mtu kuwa na pumu ya ngozi, ule ugonjwa unaowasha na kuchubua viwiko na nyuma ya magoti, na unaowanyima watoto wetu usingizi. Gramu moja ya sodiamu ni gramu 2.5 za chumvi, nusu kijiko cha chai. Mkojo ulipimwa mara moja tu kwa kila mtu, na kuambatana si kusababisha, kwa hiyo sitamwambia mama mwenye mtoto anayejikuna kuwa amepata tiba. Ila kama kuna habari ya chumvi na ngozi inayostahili kusambazwa kwenye simu, ni hii, na haina picha ya kabla na baada.

Kinachonikera zaidi katika biashara ya mapaja ni kwamba imetuzoesha kuutazama uvimbe kama suala la urembo. Uso unaovimba kila asubuhi unaweza kuwa ni figo zinazoomba msaada. Mjamzito ambaye uso na mikono vimemvimba ghafla, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, hahitaji ushauri wa kupunguza chumvi wala kuambiwa amenona; anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, maana kifafa cha mimba hakisubiri kliniki ya mwezi ujao. Halafu kuna vidonge vya kukojoza, vile wanavyoandikiwa wagonjwa wa moyo, ambavyo siku hizi vinamezwa na wasichana wazima kabisa ili gauni liingie Jumamosi. Vinatoa maji kweli. Vinatoa pia potasiamu, na moyo uliopungukiwa potasiamu unaweza kupoteza mapigo yake. Mafuta ya paja havijayagusa.

Nimewahi kujibiwa kwamba nayakuza mambo. Kama mapaja ndiyo yanayomfanya mwanamke apunguze chumvi, si heri? Presha yake itashuka, hata kama alikuwa akitafuta kitu kingine. Hoja hii ina mvuto na nimeipa muda. Siikubali, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba ahadi itavunjika. Siku ya kumi na tano mabonde yatakuwa pale pale, na dada atarudi kwenye chumvi akiwa na hakika kwamba habari zote za chumvi ni porojo, pamoja na ile aliyoambiwa na daktari wa mama yake. Presha haina dalili kwa wengi. Mtu haoni alichopata alipopunguza chumvi, anaonyeshwa namba kwenye mashine tu. Ukishamzoesha mtu kupima faida kwa kioo, namba hiyo haina nguvu tena.

Ya pili iko kwenye chungu. Familia zetu zinakula mboga moja. Mama akiacha chumvi kwa ajili ya mapaja yake, hatapika chungu kizima bila chumvi, kwa kuwa mapaja ni shida yake peke yake. Atajichemshia mchicha wake pembeni, na baba mwenye presha, aliyekaa kwenye mkeka uleule, ataendelea kula mchuzi uliokolea na kuomba chumvi ya kuongeza kabla hajaonja. Kwa makadirio ya WHO, vifo milioni 1.89 kwa mwaka duniani vinahusishwa na kula sodiamu kupita kiasi. Hivyo ni viharusi na mioyo iliyoshindwa, ya wanaume kama ya wanawake. Tumechukua tatizo la mlo wa nyumba nzima tukamkabidhi mtu mmoja, na kwa sababu isiyokuwepo.

Tena chumvi yenyewe haipo tu kwenye kile kikopo cha jikoni. Mpishi anatia chumvi, halafu anabomoa kidonge cha supu juu yake, na ukisoma karatasi ya kidonge mara nyingi chumvi ndiyo iliyoandikwa mwanzo wa orodha. Maharage yakikawia kuiva yanatiwa magadi, kisamvu na makande vilevile, na magadi ni sodiamu isiyo na ladha ya chumvi, hivyo ulimi haulalamiki. Ng'onda na papa mkavu vimekaa ndani ya chumvi kabla ya kufika sokoni. Bibi zetu waliviroweka na kumwaga maji ya kwanza na ya pili, wengi wetu hatuna muda huo tena. Mkate hauonjeki chumvi, ila vipande vinne vya asubuhi vina kiasi cha kuhesabika. Kwenye pakiti za viwandani chumvi huandikwa kwa jina la sodiamu, kwa miligramu, namba ndogo ya kumtuliza mnunuzi. Zidisha kwa mbili na nusu: tambi za haraka zilizoandikwa miligramu 800 za sodiamu zina gramu 2 za chumvi.

Hili dada wa inboksi hana uwezo nalo, na mnunuzi mmoja mmoja pia hana. Afrika Kusini walipitisha kanuni mwaka 2013 zilizowapa viwanda ukomo wa chumvi kwenye mkate, soseji, vidonge vya supu na vyakula vingine, zikaanza kutumika mwaka 2016. Mla mkate wa Soweto hakuhitaji kuwa na nia imara. Mkate wenyewe ulibadilika. China, katika vijiji 600, walijaribu kuwapa watu chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, katika utafiti wa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri wa miaka 60 au zaidi na presha. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha viharusi kupungua kwa asilimia 14. Chumvi hiyo haiwafai wenye ugonjwa wa figo, ambao potasiamu inaweza kuwadhuru, lakini ningependa kuona rafu zetu zinaijaza kwa bei ya kawaida kabla ya kujaza mafuta mengine ya kuchua mapaja. Serikali zetu zilipotaka chumvi itiwe madini joto ili watoto wasipate rovu na udumavu wa akili, zilitunga kanuni na viwanda vikafuata. Njia wanaijua.

Kwa atakayetaka kuanzia nyumbani, anunue pakiti mpya ya nusu kilo, ile yenye madini joto, aandike tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Watu wazima watano, kila mmoja kwa gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Nusu kilo ingepaswa kufika siku ya ishirini, na hapo bado hatujahesabu mkate, kidonge cha supu, magadi, chipsi za barabarani na pweza wa jioni, kwa hiyo ingepaswa kuvuka siku ya ishirini kwa mbali. Wakiwemo watoto, ivuke zaidi. Ikiisha siku ya kumi, pakiti tupu iwekwe mezani wakati wa chakula, baba akiwepo, na kikopo cha chumvi ya kuongeza kitolewe mezani siku hiyo hiyo.